Mume wa Kliniki

Wanangu mnaoanza kazi, kinga ina ubaya mmoja ambao chuoni hawawaambii: ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Daktari wa upasuaji akimtoa mtu uvimbe, ukoo mzima unakuja kumshukuru na mbuzi juu. Wewe umchome mama sindano ya pepopunda, mtoto azaliwe salama, nani atakukumbuka? Nimekuwa nesi katika zahanati za Katavi mpaka nywele zikageuka rangi, na hakuna hata mmoja aliyeniletea kuku kwa sababu mwanawe hakuugua. Kuku wote niliokula nimenunua mwenyewe. Lakini nimestaafu kifua mbele. Nakaa kwangu Ilembo, nalima mahindi yangu, na nikienda sokoni nakutana na watu wazima wenye ndevu ambao kwa hesabu ya kawaida wasingekuwepo. Wao hawajui, na mimi siwaambii, nanunua nyanya zangu narudi nyumbani.

Leo nina hamu ya kujisifu, kwa hiyo mnivumilie. Mzee akijisifu wapeni vijana uji wakae wasikilize.

Aliyenifundisha kazi alikuwa tabibu mmoja wa zamani, Mzee Kisimba, Mfipa mrefu, mwenye maneno machache na macho ya kuona vumbi chini ya kabati. Jioni tukifunga zahanati, hakuuliza tumehudumia wagonjwa wangapi. Aliuliza, "Nani hakuja?"

Mara ya kwanza nilidhani amechoka na jua. Nani hakuja? Dunia nzima haikuja! Nikamjibu hivyo hivyo, maana ujana una mdomo. Akanitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

"Binti," akasema, "mgonjwa anakuja mwenyewe, maumivu yanamsukuma. Mzima hakuna kinachomsukuma. Mzima anafuatwa."

Alikuwa na maana ya yule mama aliyetakiwa arudi leo kwa sindano na hakurudi, yule mtoto wa chanjo ya surua ambaye zamu yake imepita. Nikajifunza kuuliza nani hakuja. Nilipokuwa mkuu wa zamu, nikawauliza na wenzangu, wakanichukia kama nilivyomchukia yeye, na hiyo ndiyo dalili kwamba somo limefika.

Jambo la pili nilijifunzia Kibaoni, siku ya soko, na lilinitoa jasho. Tulikwenda na meza na mashine ya presha, tukajipanga karibu na wauza mchele. Tukashika kipaza sauti: "Njooni mpime! Kupima ni bure! Akina baba, njooni mpime!"

Wanangu, mmewahi kuona kuku wanavyotawanyika mwewe akipita? Meza yetu ikabaki peke yake kama ya mtu mwenye upele. Mpimbwe mmoja muuza mchele, mtu wa heshima kabisa, akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, samahani, kwani hamuwezi kuhamia kule kwa wauza mitumba? Hapa mnatuulia biashara."

Kosa letu lilikuwa neno. Huku kwetu ukisema kupima ukaliacha hivyo hivyo, bila kutaja unapima nini, watu wanasikia kitu kimoja tu: virusi. "Fulani amepima" maana yake ni hiyo, haina nyingine. Sisi tulikuwa tunatangaza presha, wao walisikia tunawaita akina baba wa soko zima waje watangaziwe ukimwi mbele ya magunia ya mchele. Nani angekuja? Mchana tukabadilisha tangazo, tukasema, "Presha! Tunaangalia presha ya damu, mkono tu, hatuchomi!" Wakaanza kuja, mmoja mmoja, wa kwanza akiwa yule yule muuza mchele. Kwa hiyo kumbukeni, kila kipimo kina jina lake, kitajeni. Nimewaambia habari ya neno hili mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa habari ya Shemeji.

Sasa nimfikie Shemeji.

Nilikuwa nimehamishiwa zahanati moja upande wa milima ya Mwese. Wakati huo barabara ya kule ilikuwa ya kuomba Mungu, masika unatembea huku umeshika viatu mkononi. Pale zahanati tulikuwa na utaratibu kwamba mama mjamzito hudhurio lake la kwanza aje na mume wake. Wazo lenyewe ni zuri, nalitetea mpaka leo: mkipimwa virusi wote wawili na kuanza dawa wote wawili, mtoto anapona. Lakini wazee wa kijiji walilipenda wazo hilo kupita kiasi. Wakaweka sheria yao: aliyekuja bila mume arudi nyumbani akamlete. Na sisi tukaifuata. Akija peke yake tunamwambia, "Mama, baba yuko wapi? Haya, kamlete."

Mwanzoni benchi la kliniki likakauka. Halafu taratibu akina mama wakaanza kurudi, na kila mmoja yuko na mwanaume pembeni. Tukafurahi! Tukasema elimu imeingia, tukapeana mikono.

Siku moja nesi mwenzangu aliyekuwa anashika kliniki ya wajawazito alikwenda likizo, nikakaa mimi kwenye kiti chake. Akaingia Minza, mwanamke wa Kisukuma, mrefu, mpole, mimba imeshakuwa kubwa. Mume wake akakaa kando, kijana wa miaka kama thelathini na kitu, jaketi la bodaboda, miguu ina tope hadi magotini. Nikamuuliza, "Baba, mimba ya mama ina miezi mingapi?"

Akamtazama mke wake. Mke akatazama chini.

"Inaendelea vizuri," akajibu.

Nikacheka, nikasema wanaume ni wale wale. Nikawapima wote wawili damu kama utaratibu ulivyotaka, kisha nikampima Minza presha. Nikapima tena. Nikasubiri apumzike, nikapima mkono wa pili. Ilikuwa juu, juu sana. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mkojo una protini. Na aliponisimulia kwamba mimba iliyotangulia alianguka kifafa nyumbani, na mtoto akazaliwa bila kulia, nikaweka kalamu chini. Nyie mmesomea kifafa cha mimba kwenye vitabu. Mimi nimekiona sakafuni, kwenye mkeka, na sitaki kukiona tena.

Nikampa vidonge vya kuanzia, nikaandika rufaa ya kwenda hospitali Mpanda. Kisha nikamgeukia yule mume, nikampa somo ambalo ningempa mwanangu wa kumzaa. "Baba, sikiliza. Huyu mama anatakiwa afike Mpanda kesho, siyo keshokutwa. Akaangaliwe huko huko mpaka ajifungue. Akibaki nyumbani unaweza kuwapoteza wote wawili. Kauze unachouza, kopa unachokopa. Umenielewa?"

Jasho likamtoka. "Nimeelewa, sista."

"Utampeleka?"

"Ee... litafanyiwa kazi."

Litafanyiwa kazi! Kama diwani. Nikamwambia atoke mbele yangu asije akanipandisha na mimi presha.

Kesho yake jioni nikauliza nani hakuja. Nilikuwa nimemwambia Minza wapite kwangu kwanza niwatafutie usafiri, na hawakupita. Siku iliyofuata asubuhi, nafungua mlango wa zahanati, namkuta yule mume amekaa kwenye ngazi, peke yake, kofia mkononi.

"Sista," akasema, "usiku sijalala. Mimi siyo mume wake."

"Unasemaje?"

"Mimi siyo mume. Mimi ni usafiri."

Jina lake lilikuwa Deo, Mbende wa pale pale kijijini, dereva wa bodaboda. Akaniambia yote. Akina mama waliorudishwa na sisi walikuwa wanataka kliniki, ila waume hawataki kusikia neno kupima. Mmoja akamwomba Deo amlete na asubiri, na akiulizwa aseme ni mumewe. Ikapita. Akina mama wakaambizana kisimani. Ikawa ukimkodi Deo unapata pikipiki na mume kwa nauli moja.

"Umekuwa mume wa wangapi?" nikamuuliza.

Akakuna kichwa. "Hapa kwenu tu, au na kile kituo cha kule bondeni?"

Nilitaka kukasirika, wanangu, naapa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kufoka. Lakini nikafikiria: huyu mtu amepimwa damu kwa niaba ya nusu ya wanaume wa kata. Ametobolewa vidole mpaka vimekuwa sugu. Amefundishwa lishe ya mjamzito, matumizi ya chandarua na dalili za hatari zaidi ya mwanafunzi yeyote wa uuguzi. Nikacheka mpaka nikakaa naye pale kwenye ngazi. Tangu siku ile zahanati nzima ilimwita Shemeji.

Cheko likaisha upesi. "Mume mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Ni yule Maduhu niliyejiandikisha kwa jina lake. Yuko kwake, juu huko. Hajui kama mkewe alikuja. Sista, nilimwambia Minza amwambie mumewe, akasema akijua nilikaa pale kama mume wake, patawaka. Mimi sina ng'ombe wa kuuza. Mimi nilisema tu litafanyiwa kazi."

Hapo ndipo ubaya wote ulipo, uangalieni vizuri. Maneno yangu mazito, yale ya kuokoa maisha ya watu wawili, niliyamimina kwenye sikio la mtu asiye na sauti nyumbani kwa Minza. Mwenye uamuzi alikuwa mlimani na hajui lolote. Na nikienda kumwambia, nitamwambia nimejuaje? Nikimtaja Deo, naweza kumvunjia Minza nyumba yake. Nikinyamaza, Minza anaweza asifike Jumapili.

Nikampigia simu Mzee Kisimba, alikuwa ameshastaafu wakati ule. Nikamweleza. Nikasikia anacheka kwa pua. "Mwanamke anakodi mume ili apimwe presha," akasema, "na nyie mnaweka sheria ya kumzuia? Mfuate. Mengine utayakuta huko huko."

Nikachukua mashine ya presha, vidonge, na kile kifaa cha kusikilizia mtoto tumboni. Nikapanda pikipiki ya Shemeji, maana hakuna aliyejua njia kama yeye. Mahali pengine nilishuka nikasukuma. Tope lilinifika kwenye gauni. Tulipofika, jua lilikuwa limeshapanda.

Maduhu tulimkuta uani anakaza plau. Mtu wa miraba minne, wa familia iliyohama na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Mama yake, bibi mfupi aliyejifunga kanga mbili, alikuwa anapepeta mpunga. Minza alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba. Alipomwona Shemeji amebeba mkoba wangu, akashika mdomo.

"Mwangaluka, mayu," bibi akanisalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama, nami nikaitikia. Nikapewa kigoda. Nikaanza mbali, mvua, mazao, kama adabu inavyotaka, huku macho yangu yako kwenye miguu ya Minza.

Kisha nikasema, "Baba, nimekuja kwa ajili ya mama hapa. Ana presha ya mimba. Ni hatari, anatakiwa Mpanda leo."

Maduhu akaweka spana chini polepole. "Mke wangu haumwi. Asubuhi amechota maji. Nyie mmejuaje ana presha?"

Shemeji akaanza kuangalia tairi la pikipiki yake kana kwamba hajawahi kuliona. Minza machozi yakamlengalenga. Mimi nikafungua mdomo na sikujua kitakachotoka ni ukweli au uongo.

Bibi akaweka ungo chini.

"Mimi ndiye niliyempeleka," akasema. "Nilimwambia aende kliniki. Wakamrudisha wakasema alete mume. Wewe nilikwambia mara ngapi? Ukasema hutaki kupimwa. Basi nikamkodia huyu." Akamwonyesha Shemeji kwa kidole. "Akakaa kwenye benchi lako. Ukitaka kugomba, gomba na mimi niliyekuzaa."

Nilitegemea moto. Shemeji naye aliutegemea, maana alikuwa ameshashika ufunguo wa pikipiki. Maduhu akamtazama yule kijana juu mpaka chini, muda mrefu.

"Ulikaa pale kama mimi?"

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

"Wakakupima?"

"Wakanipima."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako, kaka."

Maduhu akamsogelea. Akainama kidogo, akashusha sauti kama mtu anayepanga na mwenzake kununua shamba. "Sasa," akasema, "nilionekanaje?"

Wanangu! Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka kanga ikamfunguka. Minza akacheka huku analia. Mimi nilijitahidi kubaki na uso wa kazi, ikashindikana. Mtu mzima, jitu la kutisha, miaka yote anakimbia kupimwa, kumbe alikuwa na kiu ya kujua majibu yake. Alikuwa haogopi sindano, aliogopa macho ya watu.

Nikamwambia, "Baba, majibu ya Deo ni ya Deo, hata wewe siwezi kukupa. Damu haipimwi kwa niaba. Ukitaka yako, utakuja mwenyewe, tutakuwa mimi na wewe na mlango umefungwa, na nitakayoyaona hayatatoka. Lakini leo sijafuata damu yako. Nimefuata maisha ya huyu."

Akakaa kwenye mhimili wa plau. "Nieleze," akasema.

Hapa nikafanya lile ambalo watumishi wote tunafanya tukiona Msukuma. Nikasema, "Maduhu, wewe ng'ombe wako unawapeleka josho kabla hawajaugua, siyo? Sasa na mke..."

Akainua mkono. "Mayu, subiri. Mwalimu akija hapa ananiambia mtoto ni kama ndama. Mchungaji akija ananiambia roho yangu ni kama ng'ombe aliyepotea. Bwana shamba akija, ng'ombe. Sasa na wewe. Mke wangu si ng'ombe. Nieleze kama mtu."

Nilipata aibu nzuri, ile inayokufundisha. Tangu siku ile sijamfananishia mtu mifugo yake. Watu wanaelewa mambo jinsi yalivyo, mkiwapa nafasi.

Nikatoa mashine. Nikamfunga mkono yeye kwanza, nikampa vipokea sauti aweke masikioni, nikamwambia aangalie mshale. Nikajaza upepo, nikauachia taratibu. "Ukisikia inagonga, niambie." Mshale ukashuka, ukashuka, akasema, "Hapo." Nikamwonyesha. "Hiyo ni nguvu ya damu yako. Ni nzuri."

Kisha nikamfunga Minza, masikio yakabaki ya Maduhu. Nikaanza kuachia upepo, na mshale haujashuka hata kidogo, akashtuka. "Inagonga! Mbona huku juu?"

"Ndiyo presha yenyewe. Haimuumizi, ndiyo maana anachota maji. Lakini ikipanda kidogo tena inakwenda kichwani, ndiyo kile kifafa cha mara ile. Haikuwa mapepo wala mtu mbaya. Ilikuwa hii, na haikuonekana kwa sababu hakuna aliyeipima."

Akamgeukia mkewe. "Unaumwa popote?"

"Kichwa," Minza akasema kwa sauti ndogo. "Tangu juzi. Na macho yanaona nyota nyota. Sikutaka kusema."

 Kichwa na nyota, hizo ni dalili kwamba kifafa kiko mlangoni kabisa. Nikampa dawa pale pale. Nikaweka kile kifaa tumboni, nikasikiliza, mtoto yupo, anakimbia kama farasi. Nikamwita baba aweke sikio. Aliinama akasikiliza muda mrefu. Akanyanyuka. Akapiga mluzi, akafunga maksai kwenye mkokoteni.

Shemeji akatangulia na pikipiki kutafuta mtandao, akapande kilimani apige simu gari la wagonjwa lije tukutane barabarani. Sisi tukamlaza Minza kwa ubavu wa kushoto juu ya nyasi na magodoro, mimi pembeni yake, Maduhu anatembea mbele akishika maksai pembe kila penye tope ili mkokoteni usiyumbe. Njia nzima sikusema neno lolote kuhusu ng'ombe.

Gari lilikuja. Maduhu akapanda na mkewe, na viatu vyake vya tope, na hakuna aliyemwuliza kama ni mume.

Kabla sijawaambia ya Mpanda, niwaambie ya zahanati, maana bibi mzima nikiacha hadithi katikati siwezi kulala. Wiki ile ile nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Nikawaambia wazee, bila kumtaja mtu, kwamba sheria yao nzuri inawafungia nje wale wale inaotaka kuwalinda. Mama aje na mume, aje na wifi, aje peke yake, sisi tutamhudumia, na mume tutamfuata kwa njia nyingine. Mzee mmoja akapinga, akasema mwanamke atazoea kutembea peke yake. Bibi yake Maduhu, hapana, mama yake Maduhu, akasimama katikati ya wanaume, akamwambia, "Baba, heri atembee peke yake kuliko abebwe." Ikaisha hapo. Sheria ikafutwa mchana huo.

Na katika kutangaza tukaacha neno lile. Tukaandika kwenye ubao vitu kwa majina yake: presha, sukari, wingi wa damu, na virusi kwa anayetaka, mlango umefungwa. Shemeji tukamfanya mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii. Nani mwingine alikuwa na elimu kama yake? Alikuwa anajua nani ana mimba kabla ya mama mkwe hajajua. Anapita na pikipiki anauliza, "Mama Fulani, tarehe yako ya kurudi si jana?" Ikawa jioni nikiuliza nani hakuja, yeye ananijibu kwa majina, na asubuhi wameshafika. Alikuja kuoa baadaye, mke wa kweli, na siku aliyomleta kliniki manesi wote tulisimama tukapiga vigelegele, mpaka binti wa watu akauliza kuna nini.

Wanaume nao walikuja. Siyo wote, sidanganyi. Lakini ilifika wakati benchi la kliniki lina makoti na kofia, wamekaa wanaongea bei ya mahindi huku wanasubiri kufungwa mkono. Kifafa cha mimba cha kuangukia nyumbani, katika vijiji vile, mimi mpaka nahama sikukiona tena. Tulishinda, wanangu. Nasema tulishinda na sitafuni maneno. Ushindi wetu hauna picha ukutani, lakini ni ushindi.

Sasa Mpanda. Walimpokea vizuri, wakamchoma dawa ya kuzuia kifafa, wakashusha presha, na walipoona hapana budi wakamtoa mtoto kabla ya wakati wake. Hayo niliyajua baadaye. Sisi huku milimani hatukujua lolote. Mama yake Maduhu aliteremka akaja kukaa kwangu, hali, halali. Alinisimulia mara ile ya kwanza, jinsi alivyompokea mjukuu kwa mikono yake, akampangusa, akampuliza, akampigapiga mgongo, akasubiri sauti. "Nilisubiri, mayu," akasema. "Mpaka wenzangu wakamtoa mtoto mikononi mwangu."

Kulikuwa na kichuguu nyuma ya zahanati, ukisimama juu yake ndipo simu inapata mtandao. Bibi alihamia pale na simu yangu. Mvua ikinyesha anajifunika kanga, hashuki. Siku ya tatu asubuhi ikaita. Nikakimbia nikamsaidia kubonyeza, nikaiweka sauti kubwa.

"Mama," ilikuwa sauti ya Maduhu.

"Minza yuko wapi?" bibi akauliza, hakusalimia.

"Nipo, mayu," Minza akasema, dhaifu lakini yeye mwenyewe. "Nipo."

Bibi akafumba macho. Hakuuliza la pili. Nilimwona midomo inataka kuuliza na haithubutu. Halafu kwenye simu kikaanza kilio, chembamba, cha hasira, kilio cha mtoto mdogo sana aliyetolewa kwenye joto lake kabla hajaridhika. Tukamsikia Maduhu anahangaika, "Shii, shii, nyamaza, bibi yako anataka kuongea."

Bibi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Maduhu," akasema, "usimnyamazishe."